Tupeane uzoefu: Ni grafu gani iliwahi kukuumbua mbele ya watu?

Mwanzisha Mada
Ndugu wanajamvi, leo asubuhi nilikuwa kikaoni nikimsikiliza mwenzetu akiwasilisha takwimu za miaka minne, na ilipofunguka slaidi ya tatu nikaona pau nne zimepaa hadi juu huku zilizobaki zimelala chini kama mstari wa penseli. Moyo ulinipiga, kwa sababu nami nilishapita njia hiyo hiyo. Safu ya miaka, kuanzia 2019 hadi 2022, ilikuwa na kichwa chake, kwa hiyo lahajedwali (programu ya majedwali ya hesabu, kama Excel) likaihesabu kuwa takwimu kama nyingine na kuuchora mwaka wenyewe kuwa upau wa elfu mbili na ushei, kando ya idadi zisizofika hata sitini. Ukiiacha tupu seli ya juu kushoto kabla ya kuchora grafu, kwa kawaida hilo halitokei. Wewe ni grafu gani iliyokuumbua?

Nukta Tano
Hiyo ya miaka imenikuta mara mbili, na mara zote mkuu wangu ndiye aliyeiona kabla yangu.

Karani wa Takwimu
Mimi niliumbuliwa na takwimu za mfano. Ukiingiza grafu mpya ya pau katika PowerPoint, hufunguka jedwali dogo lenye makundi manne na mifuatano mitatu, yaani seti tatu za namba, kila moja na rangi yake, na upau wa kwanza kabisa huwa na thamani ya 4.3. Nilikuwa na mifuatano miwili tu, nikaiandika juu ya ile ya mfano, nikasahau kuisogeza fremu ya buluu inayozunguka data zinazochorwa. Mfuatano wa tatu ukabaki na 2, 2, 3 na 5 zake, na mjumbe mmoja akataka kujua rangi ya kijivu ni ya idara gani.

Mzee wa Slaidi
Hayo yote ni mepesi, ndugu zangu. Niliandaa wasilisho la bajeti lenye grafu moja ndogo ya mstari ya jumla ya matumizi kwa mwezi, nukta kumi na mbili tu. Wakati wa kubandika nilichagua kuipachika pamoja na faili lake lote la lahajedwali, maana niliogopa kiungo kati ya grafu na faili kingekatika nikihamia kompyuta ya ukumbini. Wasilisho lilikwenda vizuri, watu wakaliomba, nikawatumia wote kwa barua pepe. Jioni mwenzangu mmoja, ambaye alitaka kubadilisha rangi tu, aliibofya grafu kwa kitufe cha kulia, akachagua kuhariri data, na likafunguka faili zima lenye kurasa saba, na ukurasa wa tano ulikuwa wa mishahara, jina kwa jina. Aliniita mezani kwake, hakusema neno, akanionyesha kioo. Niliona jina langu, lake, na la dada tuliyeanza naye kazi siku moja, ambaye alikuwa akilipwa pungufu yetu sisi wote wawili bila kujua. Kufikia asubuhi alikuwa ameshajua.

Nukta Tano
Pole sana, mkuu. Huyo dada ikawaje?

Bundi wa Ripoti
Ndiyo maana mimi hubandika grafu kama picha, na sishauri njia nyingine yoyote. Picha haina faili lililojificha nyuma yake.

Karani wa Takwimu
Hapo sikubaliani nawe, Bundi. Tarakimu moja ikibadilika dakika kumi kabla ya kikao, hiyo picha utaisahihishaje? Tumia kiungo, ili grafu ifuate lahajedwali.

Bundi wa Ripoti
Kiungo hicho hicho ndicho kilichonitia aibu. Nilihamisha folda, grafu ikaendelea kuonekana kwenye slaidi kana kwamba ni nzima, kumbe imeshikilia takwimu za mwezi uliopita, nami nikazisoma kwa sauti mbele ya bodi.

Mwalimu wa Hesabu
Samahani kwa kuwakatiza, ila msiusahau mhimili wima. Thamani zikikaribiana, tuseme 92 na 96, programu yenyewe inaweza kuanzia 90 badala ya sifuri, na upau wa pili ukaonekana mara tatu ya wa kwanza. Mimi niliambiwa mbele ya kikao kwamba nimepika takwimu, ilhali sikuwa nimegusa kitu. Ingia kwenye mipangilio ya mhimili uandike sifuri kwa mkono wako, kwa sababu upau husomwa kwa urefu wake.

Nukta Tano
Lakini ukianzia sifuri, tofauti ya 92 na 96 haionekani vizuri. Hapo mimi huacha grafu nikaweka jedwali.

Mzee wa Slaidi
Nukta, dada huyo aliupeleka ukurasa ule kwa uongozi, na baada ya miezi miwili mshahara wake ukafanywa sawa na wetu. Hajawahi kunilaumu. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na nililistahili, kwa sababu palikuwa na majina ya wengine wengi ambao hawakutaka mishahara yao ijulikane. Siku hizi natuma PDF tu.

Mwanzisha Mada
Mzee, baada ya kukusoma nimefungua wasilisho nililowatumia wateja juzi, nikaibofya grafu ya pili kama ulivyoeleza. Limefunguka faili lote, na ukurasa wake wa pili una namba za simu za watu. Mniwie radhi kwa sasa, nawaandikia wapokeaji walifute.