Kwa nini mpaka leo hakuna chanjo ya kisonono?

Mpitanjia
Habari wakuu, naombeni mnieleweshe. Hii ni mara ya 2 natibiwa kisonono, vidonge nilivyopewa kwanza havikufanya kitu, mkojo unachoma kama pilipili na usaha unaendelea tu mpaka nilipochomwa sindano. Sasa najiuliza, surua ukiugua mara moja umemaliza, mwili unaikumbuka, kwa nini hii kila ikirudi ni kama mwili haujawahi kuiona? Na hao watengeneza chanjo wamekwama wapi?

MzeeWaDarubini
Pole sana mkuu. Mi kazi yangu maabara, huyu mdudu namjua. Ukipaka usaha kwenye kioo ukatia rangi unawaona wamekaa wawiliwawili kama punje za maharage zilizotazamana, wana rangi ya pinki, na wengi wako NDANI ya chembe nyeupe za damu, yaani ndani ya askari waliotumwa kuwaua, na bado wengine wanapona humo. Ana vinyweleo vya kung'ang'ania mwilini na hivyo anavibadilisha sura kila mara, kinga ikishaijua sura hii yeye keshavaa nyingine, tena anajipaka sukari inayotoka kwako mwenyewe mwili unamdhania wa nyumbani. Walishajaribu chanjo ya vinyweleo kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa Korea, matokeo yakachapishwa 1991, haikuzuia kitu. Halafu anayeugua kisonono kiasili ni binadamu peke yake, panya wa maabara mpaka wampe homoni kwanza ndo amshike, so majaribio yanakuwa magumu mno.

KungaMstaafu
Kuna matumaini lakini. New Zealand walichanja vijana na watoto kwa wingi kuanzia 2004 kuzuia homa ya uti wa mgongo aina ya B, baadaye watafiti wakarudi kwenye rekodi za kliniki, 2017 wakatoa kwamba waliochanjwa walipata kisonono pungufu kwa kama asilimia 31. Wadudu hao wawili ni ndugu wa damu, vinasaba vyao vinafanana sana. Ndo maana England tangu Agosti 2025 wanatoa chanjo ya uti wa mgongo B kwa walio kwenye hatari kubwa zaidi, hasa wanaume wanaolala na wanaume.

Mpitanjia
Asilimia 31 tu? Mbona ndogo

MzeeWaDarubini
Ni ndogo kweli, na Ufaransa walipopanga watu kwa kura, hawa wachanjwe hawa wasichanjwe, tofauti haikufika kiwango cha kuaminika. Kwa hiyo mi naona hiyo ni daraja tu, inatakiwa chanjo ya kisonono chenyewe.

KungaMstaafu
Mi siidharau hata kidogo. WHO walikadiria maambukizi mapya milioni 82 mwaka 2020, toa hata robo yake uone ni watu wangapi. Na dawa zinatuishia, penisilini ilienda, tetrasaiklini ikaenda, sipro ikaenda, tumebaki tunaegemea seftriaksoni, dawa ya sindano, na yenyewe usugu umeshaanza. Nimepokea mtoto ambaye siku ya 3 kope zimevimba hazifunguki, ukizigusa usaha unaruka, na mama yake hakuwahi kusikia dalili yoyote mimba nzima. Wanawake wengi wako hivyo. Mpitanjia, mwenzio naye alitibiwa?

Mpitanjia
Hapana mama. Alisema hasikii chochote nami nikaamini. Nimeshaongea naye sasa hivi, kesho asubuhi tunaenda wote.