Java, Indonesia: asiye na shamba kijijini anapata wapi mchele?

Mwanafunzi wa Kilimo (Morogoro)

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaandaa wasilisho kuhusu wakulima wadogo wa mpunga, na nimechagua vijiji vya kisiwa cha Java. Sensa ya kilimo ya Indonesia ya mwaka 2023 inaonyesha kwamba kaya za wakulima wenye chini ya nusu hekta zimekaribia milioni 17, ilhali mwaka 2013 zilikuwa zimezidi kidogo milioni 14. Nusu hekta ni kama ekari moja na robo, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha kundi hilo, kwa maana wengi wao wana chini ya hapo.

Nina maswali mawili. Kwanza, familia yenye robo hekta inaishije? Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, wale wasio na ardhi kabisa, ambao hawakosekani katika kijiji chochote cha huko, wanakula nini? Naomba jibu la mtu anayeyajua maisha yenyewe.

Mama Klaten

Mwanangu, mimi nimeolewa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Klaten, Java ya Kati, na familia ya mume wangu ni wakulima wa mpunga. Nianze na hesabu. Mpunga wa huko hutoa zaidi kidogo ya tani 5 kwa hekta, kwa hiyo robo hekta hutoa kama tani moja na robo kwa msimu, na ukishakobolewa unabaki na mchele wa kilo 750 au zaidi kidogo. Maji ya mifereji yakiwapo, unalima mpunga mara mbili kwa mwaka, pengine mara tatu; yakipungua, msimu wa tatu unapanda mahindi, karanga au soya. Chakula hakikosekani, ila ada ya shule, mbolea na michango ya harusi na misiba haviwezi kutoka humo peke yake. Ndiyo maana kila nyumba ina bustani yake ya minazi, migomba, mipapai na kuku, na karibu kila nyumba ina mtu anayefanya kazi nyingine.

Asiye na shamba hulima la mwenzake. Mapatano ya kawaida ni nusu kwa nusu, ambayo Wajava huita *maro*. Pale ambapo mwenye shamba anatoa mbegu na mbolea zote, mlimaji huenda akapata theluthi tu. Asiyepata hata shamba la kulima kwa mapatano hutegemea *bawon*, yaani fungu la mvunaji. Siku ya mavuno wanawake hufika na mundu na magunia yao alfajiri, wanavuna, wanapura, kisha kila mmoja anasogeza rundo lake mbele ya mwenye shamba. Mama mkwe wangu hupima kwa beseni: saba zake, la nane la mvunaji. Katika vijiji vingine la mvunaji ni beseni la sita au la kumi. Kwa jirani aliye mjane au aliye na mgonjwa nyumbani, nimemwona akijaza lile beseni la nane mpaka linamwagika, na hakuna anayelisemea. Hata baada ya hapo huja wazee kuyapura upya majani yaliyokwisha kupurwa, na punje watakazopata ni zao.

Mtafiti Mstaafu (Dodoma)

Dada, umeeleza vizuri sana, nami nakubaliana na kila ulichokiona. Ninaloogopa ni kwamba mleta mada ataandika kana kwamba utaratibu huo bado unawabeba maskini wote wa Java, na sivyo.

Hadi miaka ya 1960 mpunga wa Java ulivunwa kwa *ani-ani*, kisu kidogo kinachofichika kiganjani, kinachokata suke moja moja. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi, na mwenye shamba hakuwa na uso wa kumfukuza mwanamke wa kijijini aliyekuja kuvuna. Miaka ya 1970 zikaenea mbegu fupi zenye mavuno makubwa, na mundu ukachukua nafasi ya kile kisu. Wakati huohuo ukashamiri utaratibu unaoitwa *tebasan*: mfanyabiashara ananunua mpunga ukiwa bado umesimama shambani, siku chache kabla ya kuvunwa, kisha analeta kikundi chake cha wavunaji. Hapa ndipo ninapopaona pazito kuliko pote. Mwenye shamba hakuvunja ahadi yoyote kwa majirani zake, kwa sababu siku ya mavuno mpunga haukuwa wake tena. Haki iliyodumu vizazi kadhaa iliondoka bila mtu yeyote kuikanusha hadharani. Mashine ndogo za kukoboa nazo ziliingia miaka hiyohiyo, na wanawake waliokuwa wakilipwa kwa kutwanga wakapoteza kipato hicho pia.

Kuna vijiji vilivyobuni njia ya katikati, ambapo anayepandikiza na kupalilia bila ujira ndiye pekee anayeruhusiwa kuvuna na kuchukua fungu. Mimi siuoni kuwa wema mtupu, kwa maana mtu anafanya kazi ya miezi kwa ahadi ya fungu lilelile alilokuwa akilipata zamani kwa kuvuna tu. Lakini angalau jina lake limo miongoni mwa wavunaji.

Karani wa Ardhi (Kisumu)

Naomba kuongeza upande wa umiliki. Java ina mashamba yanayoitwa *bengkok*, ambayo ni mali ya kijiji lakini hutumiwa na mkuu wa kijiji na maofisa wake kama ujira wao kwa muda wote wanaoshika nafasi zao. Maofisa wengi hawalimi wenyewe. Huyakodisha, kwa hiyo mkulima asiye na ardhi huishia kuwa mpangaji wa uongozi wa kijiji chake. Kuhusu mapatano ya kugawana mavuno, Indonesia ina sheria namba 2 ya mwaka 1960, inayotaka mkataba wa maandishi mbele ya mkuu wa kijiji na muda usiopungua miaka mitatu kwa shamba la mpunga. Mama Klaten, je, umewahi kuuona mkataba huo?

Mama Klaten

Sijawahi kuuona hata mmoja, ndugu yangu. Watu hupatana kwa mdomo, msimu kwa msimu, na anayedai karatasi huonekana hamwamini mwenzake.

Mtafiti, nawe umenena kweli. Katika kijiji chetu karibu nusu ya mashamba ya bondeni sasa huuzwa mpunga ukiwa umesimama, na miaka hii wanunuzi wanakuja na kombaini, mashine ya kuvuna na kupura. Vijana wameondoka, wanaume wako kwenye ujenzi Jakarta, na wanawake kadhaa wanafanya kazi za ndani Hong Kong na Taiwan. Fedha wanazotuma hukomboa shamba la baba lililowekwa rehani, lakini shamba lenyewe hulimwa na mzee wa miaka sitini na zaidi.

Mwanafunzi wa Kilimo (Morogoro)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimebadilisha jedwali langu: mbali na ukubwa wa shamba, nitaweka safu ya nani alipandikiza, nani alivuna, na kila mmoja alipewa kiasi gani. Mama, je, beseni la nane limebaki wapi hasa?

Mama Klaten

Limebaki kule juu mlimani, mwanangu, ambako majaruba ni membamba na yamepangana kama ngazi. Kombaini haiwezi kugeuka humo, wala mnunuzi hapendi kubeba magunia kichwani hadi barabarani. Mama mkwe ana majaruba mawili huko, na wavunaji wake ni walewale wa kila msimu.