Mt. Fransisko wa Asizi na radhi za baba yake: filamu ya Zeffirelli imemtendea haki mzee Pietro?

Mleta mada

Ndugu zangu, tumsifu Yesu Kristo. Na msio Wakatoliki karibuni pia, maana hoja hii ni ya kila aliyelelewa na mzazi.

Juzi vijana wa parokia yetu walioneshwa filamu ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1972 kuhusu Mt. Fransisko wa Asizi, yule mtoto wa tajiri wa Italia aliyeacha mali akawa fukara, ile ambayo Graham Faulkner ndiye Fransisko na Alec Guinness ndiye Papa Inosenti III. Naipenda tangu ujana wangu. Safari hii niliketi jirani na mzee mmoja muuza vitambaa. Kijana alipoanza kuyarusha majora ya baba yake dirishani ili maskini wajiokotee, ukumbi mzima ulishangilia. Mzee akasema taratibu: "Huyu anagawa mtaji wa mtu." Neno hilo limenikaa moyoni.

Msimamo wangu ni huu: Fransisko alimkosea baba yake, na filamu imelifunika kosa hilo kwa kumchora baba huyo, Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa, kama bahili asiye na utu. Mzazi akishafanywa jitu baya, kumwacha kunakuwa kazi nyepesi. Na kwa Fransisko haikuwa nyepesi hata kidogo.

Tomaso wa Celano, mtawa wa shirika la Fransisko aliyeandika maisha ya Fransisko mara tu baada ya huyo kutangazwa mtakatifu mwaka 1228, anasimulia vingine kabisa. Fransisko alibeba vitambaa akapanda farasi hadi mji wa Foligno, akaviuza, farasi naye akamuuza, kisha akampelekea fedha padre wa San Damiano, kanisa lililokuwa likibomoka. Padre alizikataa kwa kuwaogopa wazazi wa kijana. Fransisko akazitupa penye dirisha la kanisa, zikabaki hapo.

Kisha ikaja kesi, mwaka 1206. Pietro alikwenda kwanza kwa wakuu wa mji. Kijana akasema yeye sasa ni mtumishi wa Mungu, hawana mamlaka juu yake. Ndipo shauri likapelekwa kwa Askofu Guido. Na askofu alimwambia nini? Rudisha fedha za baba yako. Sisi sote tunakumbuka Fransisko akivua nguo mbele ya watu na kumrudishia baba yake. Ni wangapi tunakumbuka kwamba kabla ya hapo askofu mwenyewe aliagiza mali irudi kwa mwenyewe?

Mchangiaji 1

Mleta mada, sikubaliani nawe. Mathayo 10:37: ampendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili. Hakuna koma wala nukta ya kukwepea hapo. Tena umeruka jambo. Mzee huyo unayemhurumia alimpiga mwanawe, akamfunga, akamfungia ndani ya nyumba. Aliyemfungua ni mama yake, Pica, baba alipokuwa safarini kibiashara. Filamu haikumsingizia ukali. Na wale wapaka rangi wanaoonekana wakifanya kazi chini ya nyumba, kwenye giza na mvuke? Utajiri wa vitambaa una jasho la watu ndani yake. Zeffirelli alifanya vema kulionesha.

Mchangiaji 2

Filamu ile ni ya wakati wake, wakati wa vita vya Vietnam, vijana wa Magharibi wakigombana na wazazi wao. Anayetaka Fransisko mwenye vidonda na matope atafute ya Liliana Cavani ya mwaka 1989, Mickey Rourke ndani yake. Mimi nabaki na ya 1972, kwa sababu ya furaha yake. Furaha nayo ilikuwa kweli.

Mchangiaji 3

Naandika kama mama. Mwanangu wa kwanza aliingia utawani, na baba yake hakusema naye miaka minne. Kwa hiyo mjadala huu naujua kwa machozi.

Kuna kisa hamjakitaja, nacho kimo katika kitabu cha kale kiitwacho Masimulizi ya Wenzake Watatu. Baada ya kutengana, kila Pietro alipokutana na mwanawe njiani alimlaani. Fransisko akamchukua maskini mmoja aliyedharauliwa, akamwambia: twende pamoja, nitakugawia sadaka ninazopewa, ukisikia baba ananilaani, nami nikikuambia "Baba, nibariki", wewe nifanyie ishara ya msalaba unibariki badala yake.

Jamani! Mtu asiyejali radhi za mzazi hafanyi hivyo. Fransisko aliiogopa laana ile kama ambavyo mwanangu aliiogopa. Alikwenda kuomba baraka kwa ombaomba kwa sababu aliyestahili kumpa alikataa. Kisa hiki kimoja kinanionesha ufukara wake kuliko kuvua nguo, maana nguo mtu hupewa nyingine.

Mleta mada

Mama, nimesoma maneno yako mara tatu. Nakubali: nilisema alimkosea baba, na kuhusu fedha za Foligno bado nasema hivyo. Ila nilikuwa nimeyaona maumivu ya baba tu.

Mchangiaji 1, kipigo na kifungo sivitetei. Lakini soma Masimulizi hayohayo ya Wenzake Watatu yanavyomwonesha Pietro akiondoka kwa askofu: anaokota fedha na nguo, anakwenda nazo nyumbani akiwaka hasira na huzuni kubwa. Huzuni imeandikwa. Hiyo ndiyo naililia kwenye filamu. Mtoto huyu mama yake alimwita Giovanni baba akiwa hayupo. Pietro aliporudi ndiye aliyemwita Francesco. Jina tunaloliomba kila tarehe 4 Oktoba, jina alilolichukua Papa mwaka 2013, lilitoka kinywani mwa mfanyabiashara yule. Na hakuna mahali masimulizi ya kale yanaposema kwamba walipatana.

Nimeongea na mlezi wa vijana. Tutakirudia kipande cha dirisha na cha mbele ya askofu, kisha yule mzee muuza vitambaa atapewa nafasi ya kuzungumza nao. Mama, kama uko karibu, njoo utusimulie na wewe habari za yule ombaomba.