Tupeane uzoefu: mpango wa matumizi ya ardhi umeleta ajira kijijini kwenu au umezifukuza?

Mtoa mada: Wakuu habari za leo. Jana nimepita kijijini kwetu nikakuta kile kibao cha ENEO LA VIWANDA VIDOGO bado kimesimama, mbuzi wawili wamefungwa kwenye nguzo yake. Kiwanda hata cha maandazi hakuna. Nikakumbuka wapimaji walivyokuja na vigingi vyao: huku makazi, huku kilimo, huku malisho, huku msitu, huku uwekezaji. Tukaambiwa vijana watapata kazi. Kwenu imekuwaje?

Tofali Mbichi: Sisi tulikuwa tunafyatua tofali mtoni, vijana saba. Wakaja na mita 60 zao za kutoka ukingo wa mto. Tanuri likavunjwa na moto haujapoa. Nimemaliza.

Bibi wa Bonde: Hizo mita 60 ziko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, hazikuanza na mpango wa kijiji chenu. Na mto ukikauka utafyatua tofali kwa mate?

Tofali Mbichi: Bibi, shikamoo, lakini wewe hujawahi kukanyaga udongo. Ule wa juu una mchanga, tofali linapasuka kabla ya kuiva.

Mkamuaji: Umenikumbusha mbali mtoa mada. 2016 nilikuwa na mashine ya kukamua alizeti, kijiji kimoja mkoa wa Singida, nyuma ya nyumba yangu, barabara hii hapa. Vijana wanne: mmoja anamimina, wawili kwenye chujio, mmoja magunia. Alfajiri akina mama wameshapanga ndoo za mashudu kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa jirani.

Wakaja wataalamu wa mpango. Siku tano tunachora ramani chini kwa majivu na kokoto, pilau juu. Mkutano mkuu ukapitisha, na mimi nilinyoosha mkono, msinicheke. Kumbe kwangu pameandikwa makazi. Mashine ina kelele, nihamie eneo la viwanda vidogo, kilomita mbili na ushee, ng'ambo ya korongo.

Nikahama. Nikamwaga zege, nikafunga mashine kwa bolti nane. Umeme sasa! Laini inafuata barabara, kule hakuna hata nguzo moja, na mota yangu inataka umeme wa njia tatu, ule mkubwa wa mashine. "Nguzo zinakuja." Nikakodi injini ya dizeli, ikawa inakunywa kuliko ninachokamua.

Siku niliyokata tamaa ilikuwa mwezi wa tano, mvua ile ya kufungia msimu. Lori lina magunia 60 ya mjane mmoja, likazama korongoni saa mbili usiku. Tukashusha gunia moja moja mgongoni, tochi za simu mdomoni. Asubuhi nikaingiza mkono ndani ya gunia, joto kama uji. Alizeti imeshaanza kuvunda. Yule mama hakunitukana. Alikaa tu juu ya magunia yake akaniuliza, "Sasa baba, ada ya mtoto?" Niliuza ng'ombe wawili nikamlipa. Vijana wangu wawili ni bodaboda Singida mjini, mmoja yuko Dar, wa nne sijui.

Kijana wa Mbezi: Mlipitisha wenyewe, mnalia nini?

Tofali Mbichi: Wewe kaa huko kwenye tailizi zako.

Mama Wawili: Nimesoma mpaka mwisho. Pole sana kaka. Hapo kwa mjane nimesimama kidogo.

Ole Maziwa: Poleni, ila msiuchome mpango wote. Sisi wafugaji wa Kiteto tunaijua OLENGAPA, malisho ya pamoja yaliyoanza na vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa, jina lenyewe limeshonwa humo. Ukiwa na malisho yaliyoandikwa, hakuna anayekuja kulima katikati ya njia ya mifugo. Kijana wangu anapeleka maziwa kwa pikipiki hata kiangazi, kwa sababu ng'ombe hawaendi mbali. Bila mpango angekuwa analinda boma usiku na mkuki.

Jembe la Mkono: Malisho malisho! Kwetu Morogoro malisho yalichorwa juu ya shamba la babu yangu.

Ole Maziwa: Babu yako alikuja kwenye mkutano?

Jembe la Mkono: Alikuwa analima! Mkutano mnaitisha masika mnategemea nani aje?

Mjengo 254: Sisi Kenya tunaita kubadilisha matumizi ya ardhi. Kiambu kahawa imeng'olewa, zimeota nyumba za kukodisha. Mamangu alikuwa mchumaji, akakosa kazi. Mimi nikapata ya mjengo shamba lilo hilo. Sasa nyumbani nikilaumu ananiangalia tu.

Mstaafu wa Ardhi: Mkamuaji, nimefanya kazi hii miaka mingi. Kosa si kutenga eneo la viwanda, kosa ni kutenga bila kumuuliza mtu wa umeme na wa barabara. Tulikuwa tunachagua sehemu isiyo na mgogoro, na isiyo na mgogoro ndiyo isiyofikika. Mpango si msahafu. Peleka hoja serikali ya kijiji, mkutano mkuu ukikubali ipande halmashauri. Na mashine moja ndogo ingeweza kuruhusiwa kwenye makazi kwa sheria ndogo, kwa saa maalumu. Hakuna aliyekwambia?

Mkamuaji: Hakuna.

Kijana wa Mbezi: Ungewanywesha soda ungebaki hapo hapo.

Bibi wa Bonde: Ndiyo maana nchi haiendi. Kata hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, ukope, uvute umeme mwenyewe.

Mama Wawili: Hati ya kimila? Yangu niliipeleka benki wakaitazama kama kadi ya harusi ya mtu wasiyemjua.

Jembe la Mkono: 😂😂 Nunueni sola.

Tofali Mbichi: Sola izungushe mota ya njia tatu? Umekunywa nini?

Mfuga Kuku: Samahani kutoka nje ya mada. Mkamuaji, hiyo mashine bado unayo? Huku kwetu umeme upo, mashudu ndiyo hatuna.

Mkamuaji: Chujio niliuza. Kinu kipo kule kule kwenye zege lake. Njoo na spana, bolti zimeshika kutu.