Mpwa wangu hajawahi kuona kriketi: nianze na Testi, ova 50 au T20?

MjombaWaNgara
Habari zenu wadau. Mpwa wangu wa miaka 12 anakuja kukaa nami likizo ya Agosti. Anachojua ni kandanda tu. Nataka aipende kriketi, ila sijui nianzie wapi. Mimi mechi za ova 50 kwa kila timu (ova moja ni mipira sita) ndizo zilizonilea. Kenya ilipoichapa West Indies kule Pune mwaka 1996 nilikuwa na umri wake huyu. Sisi mikimbio 166, wao 93, wiketi zote chini, yaani wapigaji wao wote walitolewa. Tangu siku hiyo sijapona. Sasa T20, ova 20 kwa kila timu, inaisha kwa saa tatu; Testi inakula siku tano. Nyie mngeanza na ipi?

KijanaWaLugogo
T20, hakuna mjadala. Mtoto ukimkalisha kutwa nzima anamtazama mpigaji akiacha mipira ipite, kesho humpati tena. Na tuseme ukweli, mchezo huu umetufungulia mlango. Tangu 2019 ICC, baraza la kriketi la dunia, inazitambua T20 za wanachama wake wote kuwa mechi za kimataifa. Miaka mitano baadaye Uganda tukawa kwenye Kombe la Dunia, na njiani tuliishinda Zimbabwe. Testi zina nchi 12 tu. Sisi tungengoja hadi lini?

BintiMvita
Kwa hilo la mlango nakuunga mkono, ndugu yangu. Ila T20 inampunja mrushaji: ova 4, basi, rudisha mpira.

Chukua Machi 2003, Durban, Kenya na Australia. Tumepata 174 tu, na wenzetu wanazikimbilia kama wana ndege ya kuwahi. Akaitwa Aasif Karim, mtu wa hapa hapa Mombasa, miaka 39, alikuwa ameshastaafu akaombwa arudi. Akamtoa Ponting, akamtoa Lehmann, akamtoa Hogg. Ova 8 na mipira 2, mikimbio 7, wiketi 3, na ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Marehemu baba alikuwa ameinamia redio, na kila ova kavu ilipoisha aligonga meza kwa kidole, mara moja tu, bila kusema neno. Tulishindwa mechi ile, lakini mchezaji bora alikuwa Karim. Kwenye T20 angekatwa katikati ya utamu wake. Ova 50 zinampa mrushaji nafasi ya kumtega mtu.

KijanaWaLugogo
Dada, nakuheshimu, ila tazama Guyana, Juni 2024. Frank Nsubuga, miaka 43, dhidi ya Papua New Guinea: ova 4, mikimbio 4, wiketi 2. Tukashinda. Niliamka usiku kuangalia na sikulala tena hadi kazini. Ova nne zinamtosha anayejua kazi yake.

Upanga_77
Wote mnakimbia. Mimi ni wa Testi.

Brisbane, Januari 2021, siku ya tano. India imejaa majeruhi, mwezi mmoja nyuma ilitolewa kwa 36 pale Adelaide, na Australia haijapoteza Testi kwenye uwanja ule tangu 1988. Pujara wa India akasimama akacheza mipira 211. Ilimgonga mbavuni, begani, kwenye kofia, kidoleni. Kidole kile kilipopigwa aliliachia gongo na kujilaza chini, kisha akainuka, akashika gongo upya, akaendelea. Alipata 56 tu. Lakini kwa zile 56 warushaji walichoka, ndipo mwenzake Pant akawamaliza jioni, zimebaki ova tatu. Ukimwonyesha mtoto mapigo ya Pant bila kidole cha Pujara, umemsimulia nusu ya kisa.

Kitu kingine: mtafutie mpira uliochakaa aushike. Upande mmoja umesuguliwa kwenye suruali hadi unang'aa, wa pili mkavu kama gome. Mpira unapinda hewani kwa sababu ya tofauti hiyo. Katika T20 mechi huisha kabla mpira haujafika huko.

Gahanga_Kigali
Nasema kwa ajili ya wasichana. Januari 2023, kombe la chini ya miaka 19 Afrika Kusini, Rwanda iliifunga Zimbabwe, Henriette Ishimwe akaangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Baadaye wakaifunga West Indies. Lilikuwa kombe la T20. Dada zetu wangekutana wapi na timu hizo kwa mechi za siku tano?

MjombaWaNgara
Asanteni sana. Jumamosi nitampeleka uwanja wa Nairobi Gymkhana aone T20 ya klabu kwa macho yake. Nitamwonyesha na mahali Afridi wa Pakistan alipopiga mikimbio mia kwa mipira 37, mwaka 1996. Upanga, Brisbane tutaitazama baadaye, siku ya mvua, na mpira mkuukuu ninao kabatini.

BintiMvita
Mjomba, huyo mtoto anarusha kwa mkono gani?

MjombaWaNgara
Kushoto.

BintiMvita
Kama Karim! Basi kabla ya Jumamosi mtafutie zile ova 8 za Durban.