Propela ya alumini au ya chuma kwenye Prado: ipi inafaa barabara za Dodoma?

Nkuhungu120
Habari za jioni wakuu. Nina Prado 120 ya dizeli, springi zimenyanyuliwa inchi 2, kazi yake ni mjini, Mpwapwa na vijiji vya Chemba. Propela ya nyuma (lile bomba refu chini ya gari linalopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma) imechoka. Ukitoa R kwenda D inagonga "ko!", na ikifika 80 sakafu nzima inatetema. Fundi anasema nibadilishe zima. Sasa nimeona mtandaoni zile nyepesi za alumini zinazotengenezwa kwa oda huko Marekani, wauzaji wanadai gari linaondoka vizuri na ulaji wa mafuta unashuka. Chaguo la pili ni ya chuma, mtumba wa Japani. La tatu ni kubaki na hii hii niiwekee krosi mpya (vile viungo vya kwenye ncha zake). Hiyo alumini ukijumlisha usafiri na ushuru inauma, ndiyo maana nauliza kwanza.

SpanaKizota
Mkuu, una uhakika ni propela? Toka barabara ya Iringa pale pakavu pasipo na watu, fika 80, weka N uache gari liserereke. Mtetemo ukiendelea, injini haihusiki. Hapo sikiliza aina yake: usukani ukicheza polepole, angalia tairi na rimu. Ukisikia mvumo wa harakaharaka chini ya kiti, hiyo ni propela, kwa sababu inazunguka karibu mara 4 ya tairi.

Halafu zima gari, weka kigingi kwenye tairi, ingia chini, ishike propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Krosi nzima haina mchezo hata kidogo. Ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, imekwisha.

Ilala_Motors_Fan
Mimi niko upande wa alumini. Haishiki kutu kama chuma, inakuja imebalansiwa, na ikitengenezwa vizuri inatulia kwenye spidi kubwa. Mnaipinga kwa sababu ni ghali tu.

Kikokotoo
Tusiipinge, tuipigie hesabu.

Tuseme propela yako ya chuma ina kilo 10 na ya alumini kilo 6. Umeokoa kilo 4, yaani chini ya lita 5 za dizeli, kwenye gari la karibu tani 2. Atakayekuambia "ila hizi ni kilo zinazozunguka" anasema kweli, lakini hajamaliza. Uzito unaozunguka hukataa kuongezewa mwendo kulingana na umbali wake toka katikati, tena umbali huo unazidishwa wenyewe kwa wenyewe. Bomba la propela liko kama sentimita 4 toka katikati. Kashata (mpira wa nje unaogusa barabara) za tairi ya 265/65R17 ziko zaidi ya 38. Hata ukiipa propela haki yake kwamba inazunguka mara 3.9 ya tairi kwa difu (giaboksi ya kwenye ekseli) ya namna hiyo, kwa upande wa mzunguko peke yake kilo moja uliyoitoa kwenye kashata bado inakusaidia zaidi ya mara 5 kuliko uliyoitoa kwenye propela. Wewe mwenye tairi nzito za matope unatafuta wepesi chini ya sakafu?

Suala la kutulia kwenye spidi kubwa lina ukweli wake. Kila propela ina mzunguko ambao ikiufikia inaanza kujipinda na kuchapa kama kamba ya kurukia. Ndefu inaufikia mapema, nene (yenye kipenyo kikubwa) inachelewa. Watu hudhani alumini inashinda kwa wepesi, kumbe ugumu wake ni kama theluthi ya chuma na uzito wake pia ni kama theluthi, kwa hiyo hapo zimetoshana. Inachoshinda ni kwamba bomba lake hutengenezwa nene zaidi. Ndiyo maana wenye Ford Mustang huko Marekani hutoa propela ya chuma ya vipande viwili na kuweka moja ndefu ya alumini. Wanakimbiza magari kwenye viwanja. Prado yako ikiwa 100 propela inazunguka kama mara 2,600 hadi 2,700 kwa dakika, na ya kiwandani imeundwa kwa zaidi ya hapo. Na pale Kibaigwa kibao cha 50 hakijali bomba lako ni la nini.

Kaboni ni nyepesi kuliko zote mbili. Kwa njia za Chemba sitaki hata kuijadili.

MzeeWaMtera
Kikokotoo kaongea ya kwenye karatasi, mimi niongeze ya korongoni. Hizo njia zako zina mawe yanayojificha kwenye mchanga. Chuma kikigongwa kidogo unafika nyumbani na mtetemo wako. Bomba la alumini likibonyea, balansi imekwenda na nguvu imepungua pale pale, na ukilibana zaidi linajikunja. Utamkuta nani kijijini Kwa Mtoro wa kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni? Hata ukimpata, joto la kuchomelea linalainisha alumini iliyokuwa imekomazwa kiwandani. Chuma unaweza kukatiwa bomba jipya na fundi wa mashine ya kukereza, likabalansiwa, likarudi barabarani.

Ya kusema haishiki kutu, kijana wa Ilala, krosi zake na splaini (meno yanayoingiliana na kuteleza) kwa kawaida bado ni za chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Dada_wa_Kisasa
Samahani kuingilia, Forester yangu nayo inatetema. Naweza kubadilisha krosi peke yake?

SpanaKizota
Dada, ya Subaru ni vipande viwili vyenye senta beringi (beringi ya katikati inayoishikilia), na krosi zake za kiwandani zimepondewa ndani, hazina klipu za kuchomoa. Wapo wanaozikereza na kuweka za klipu, ila kwako mtumba msafi una maana kuliko kwa huyu wa Prado. Anza na mpira wa senta beringi, ukipasuka tu mtetemo unaanza.

Nkuhungu120
Wakuu, nimefanya jaribio la N. Mtetemo uko vilevile, mvumo wa haraka. Krosi ya upande wa difu ina mchezo na unga mwekundu, ya mbele nzima. Alumini nimeachana nayo. Sasa mtumba au krosi? Na hizo inchi 2 hazichangii?

SpanaKizota
Krosi, zote mbili, mpya, hata kama ya mbele nzima. Mtumba utakuja na krosi zilizozunguka Japani miaka mingi, utazitoa tu. Nunua zenye tundu la kupulizia grisi, umri wake kwenye vumbi letu unautegemea huo mdomo. Kabla fundi hajafungua, apige alama ya rangi kwenye propela na flanji (sahani ya boliti) ya difu, na pale splaini inapoingia, virudi vilivyokuwa. Wengi wanaruka hapo kisha wanalaumu krosi.

Kuhusu inchi 2: krosi mbili zinafutiana mshtuko pale tu flanji ya transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) na ya difu zikiwa sambamba. Weka simu yenye programu ya kupima mwinamo kwenye kila flanji. Zikitofautiana sana, usikubali kuwekewa kabari, hizo ni za springi za majani kama Hilux. Prado inarekebishwa kwa vyuma vya juu vinavyoshika ekseli, vile vya kurefushwa. Kwa inchi 2 mara nyingi haifiki huko.

Grisi ya splaini usijaze mpaka propela inajisukuma, ikijaa inakosa pa kucheza na kugandamiza beringi za transfa. Baada ya krosi, kama 80 bado inavuma, ndipo uipeleke kubalansi.