“Zungusha tu, dada”: wauzaji wa mazulia ya mistari, kusema mistari inaelekea wapi kunawagharimu nini?

Wakuu, nina hasira na nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Nimenunua zulia la mistari, nyeusi na nyeupe, mita 2 kwa mita 3. Sebule yangu ni nyembamba: upana mita 2.7, urefu mita 5 na kidogo. Ukifungua mlango unaona ukuta wa mwisho uko kule mbali kama mwisho wa korido. Nilichotaka ni kimoja tu, mistari ikatize chumba, itoke ukuta wa kushoto iende wa kulia, ili jicho lipate pa kupumzika kabla ya kufika kule mwisho na chumba kionekane kimetanuka. Zulia limefika, nimelikunjua, mistari yote inakimbia kwa urefu. Mita 3 za reli ya treni. Ilikuwa korido, sasa ni bomba.

Nikawaandikia wauzaji. Jibu: “Zungusha tu, dada.”

Nizungushe niliweke wapi? Upande mrefu wa zulia una mita 3, chumba kina 2.7. Nikilizungusha, sentimita 30 zinapanda ukutani. Nikawaeleza hivyo kwa upole kabisa, na picha ya tepu ya kupimia nikawatumia. Wakasema zulia halina kasoro, saizi ni ileile niliyoagiza, na “mistari ni mistari.”

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya nifungue uzi.

Rudini mtazame matangazo yao. Picha ni kona moja ya zulia, mguu wa kochi, kikapu, na nyayo za mtu asiye na viatu. Urefu umeandikwa, upana umeandikwa, unene wa zulia umeandikwa mpaka milimita. Mistari inaelekea wapi? Kimya. Zulia la rangi moja ulilaze utakavyo, ni lilelile. La mistari ya kwenda urefu na la mistari ya kukatiza upana ni mazulia mawili tofauti, hata yakiwa na rangi moja na saizi moja, kama vile ngazi na reli zilivyo vitu viwili ingawa vyote ni vyuma vilivyopangwa. Sasa mtu ananiuzia mbuzi kwenye gunia halafu ananishangaa nikiuliza pembe zilipo.

Najua kuna watakaosema ningeuliza kabla. Sawa, ningeuliza. Lakini sikukisia hewani. Tangazo lilisema “limefumwa kwa mkono”, na mimi kufuma nakufahamu kidogo. Kwenye kitanda cha mfumi nyuzi za mtande zinakazwa kwa urefu, kisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, unapitishwa kushoto na kulia na kushindiliwa. Kwenye mazulia bapa yasiyo na manyoya, kama kilim za Uturuki au dhurrie za India, mshindio ndio unaoonekana, mtande unafunikwa. Mfumi akitaka mstari anabadilisha tu rangi ya uzi wa mshindio, na mstari unatokea wenyewe kutoka ukingo huu hadi ule. Ndiyo maana mistari rahisi ya zulia la namna hiyo hukatiza upana, sambamba na matamvua, maana matamvua yenyewe ni ncha za mtande zilizobaki. Mistari ya kwenda urefu inawezekana pia, ila ni kazi nyingine: mtande ndio uonekane juu, au vipande vyembamba vishonwe pamoja ubavu kwa ubavu.

Basi nikaligeuza hilo zulia langu. Matamvua hakuna. Nyuma kuna kitambaa kigumu kimebandikwa kwa gundi, ukikikunja kidogo unasikia kinakwaruza. Yaani manyoya yamedungwa kwenye turubai, yakashikizwa kwa gundi, yakazibwa mgongo. Hata kama mashine ya kudungia ilishikwa na mkono wa binadamu, huko si kufuma. Kumbe kosa langu lilikuwa kuamini neno moja la tangazo, na kutoka kwenye neno hilo nikapiga hesabu ya mistari. Hesabu ilikuwa sawa. Neno ndilo lilikuwa la uongo.

Nikiwa bado nimeshika jazba, niwaseme na washauri wa mapambo. Kila mahali utasoma “mistari hurefusha chumba.” Hurefusha ukiitazama kutoka wapi? Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani, alishaandika mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu zaidi kwenda juu, na uliojazwa mistari ya kusimama huonekana mpana. Kinyume kabisa na wimbo tunaoimbiwa kuhusu nguo na kuta. Kwa hiyo mstari peke yake haurefushi kitu. Sakafuni kinachofanya kazi ni pale unaposimama. Mistari inayokwenda mbali nawe inakaribiana kadiri inavyosogea kule, inalibeba jicho moja kwa moja mpaka mwisho. Inayokatiza mbele yako inakuwa kama vipandio, jicho linakanyaga kimoja kimoja, haliendi mbio. Ina maana zulia lilelile linakirefusha chumba ukilitazama kutoka mlango mmoja na kukitanua ukilitazama kutoka mlango wa pembeni. Swali la kwanza la mshauri yeyote lingepaswa kuwa “unaingilia wapi, na unakaa wapi?” Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wananiuliza rangi ya mito.

Halafu kuna upana wa mstari mmoja mmoja, jambo lingine lisiloandikwa popote. Yangu ina kama sentimita 1, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, bila hata kijivu katikati. Siku ya pili nikaanza kuumwa kichwa nikikaa kwenye kochi la mwisho. Nilidhani ni hasira. Arnold Wilkins, mtafiti wa mambo ya kuona, na wenzake walichapisha mwaka 1984 utafiti kuhusu mistari inayosumbua macho, na mibaya zaidi ni ile ambayo jozi kama 3 za cheusi na cheupe zinaingia kwenye digrii 1 ya pembe ya kuona (sehemu moja kati ya 360 za duara linalokuzunguka). Wenye kipandauso huathirika zaidi, na kwa baadhi ya wenye kifafa mistari ya aina hiyo inaweza hata kuchochea degedege. Nikachukua karatasi. Kwa mtu aliye umbali wa mita 3, digrii 1 ni kama sentimita 5 sakafuni mbele yake, kutoka kushoto kwenda kulia, gawa kwa 3, jozi moja inapata sentimita 1.7, yaani mstari mmoja haufiki sentimita 1. Nikikaa kwenye kochi, mwisho wa zulia uko umbali huohuo, na mistari inakimbia kutoka miguuni pangu kwenda mbele. Ningekuwa na nia ya kujitafutia maumivu ya kichwa nisingepanga vizuri kuliko hivi.

Mistari mipana, ya sentimita 10 na zaidi, haina shida hiyo. Na rangi mbili zinazokaribiana, tuseme udongo na mchanga, au buluu iliyofifia na kijivu, zinatuliza hata mstari ukiwa mwembamba. (Ukitaka kipimo cha haraka, lipige zulia picha na simu ukiwa mbali kidogo. Skrini ikianza kuonyesha mawimbi ambayo zuliani hayapo, ujue mistari ni myembamba na mikali.)

Mama yangu naye. Macho yake siku hizi si yale ya zamani. Alipoingia alisimama ukingoni mwa zulia, akanyoosha mguu kama anayepima kina cha maji, ndipo akakanyaga. Sikucheka. Mtu ambaye macho yamepungua nguvu, na hasa mwenye ugonjwa wa kusahau, anaweza kuuona mstari mweusi sakafuni kama shimo au kama ngazi inayoshuka. Wanaopanga nyumba za wazee wanalijua hili, wanakwepa sakafu zenye mikato mikali ya giza na nuru. Muuza mazulia aliyeandika “linafaa kila nyumba” sijui alikuwa anawaza nyumba za nani.

Mengine ni madogo lakini nayo yananikera. Mistari inaumbua chumba. Ukilaza zulia la maua limepinda sentimita 2, hakuna atakayejua. La mistari likipinda sentimita hizohizo kwenye mita 3, kila anayeingia ataliona, na ataona pia kwamba kuta zako mbili hazikwenda sambamba tangu siku ya ujenzi. Mimi nimegundua hivyo mwaka huu, baada ya kukaa humu muda wote huo kwa amani. Ukijikuta hapo usihangaike na kuta zote, linganisha mistari na ukuta au kochi linaloonekana kwanza kutoka mlangoni, kwingine kujifiche chini ya viti. Vigae navyo vina mistari yake, ile mifereji ya saruji. Mistari ya zulia ikienda mshazari juu ya mifereji hiyo bila mpango, inaonekana kama mtu alilitupa akaondoka. Ama ifuate mifereji, ama uipe pembe kubwa ya makusudi kabisa.

Nyongeza ya jioni, naona mmejibu wengi.

Aliyesema nilikate upande mmoja ili lizunguke: ndugu, hili ni la gundi. Ukilikata, manyoya ya ukingoni yanaanza kuchomoka mpaka fundi alipige ukingo upya. Na hata nikikata hizo sentimita 30, zulia litabana kuta zote mbili kana kwamba mtu alipima vibaya kapeti la ukuta kwa ukuta. Nataka sakafu ionekane pembeni walau kiganja kimoja na nusu.

Aliyesema nililaze ngazini: nakuomba usilifanye hilo hata kwako. Mistari inayokwenda sambamba na kingo za ngazi inazificha kingo zenyewe, anayeshuka hajui ngazi inaishia wapi. Ngazini weka inayoshuka pamoja na wewe, au usiweke mistari kabisa na kingo uzipe rangi ya peke yake.

Dada aliyeuliza kama anaweza kuchanganya zulia la mistari na mapazia ya maua, anaweza, mradi kimoja kipige kelele na kingine kinong'one. Maua makubwa, mistari myembamba ya rangi iliyofifia. Mistari mipana, maua madogo. Vyote vikiwa vikubwa na vikali, wageni watakaa wanatazama simu zao. Na utoe angalau rangi moja kwenye zulia uirudishe kwenye pazia au mto, hata kidogo tu.

Kwa mnaotaka kununua, msinunue kabla ya kubandika tepu ya karatasi sakafuni, ile ya mafundi rangi. Chora ukubwa wa zulia, kisha bandika mistari minne mitano kwa uelekeo unaoufikiria. Toka nje, funga mlango, ufungue upya. Bandua, geuza uelekeo, rudia. Ni kazi ya nusu saa. Kisha umwandikie muuzaji maneno haya haya: mistari iko sambamba na upande mrefu au mfupi, na mmoja una sentimita ngapi? Asipojibu, pesa yako ibaki mfukoni. Na jibu ulipate kwa maandishi, kwa sababu mimi sasa nabishana na watu wanaosema “hatukuahidi uelekeo wowote,” na kwa bahati mbaya ni kweli, hawakuahidi.

Nyongeza nyingine. Wameona uzi huu, wakanipigia, wamekubali kunibadilishia. Nimewaambia nataka mistari ya kukatiza, mipana, rangi mbili za udongo. Wakasema wanalo, wakanitumia picha. Kona moja, mguu wa kochi, kikapu, nyayo zilezile.